Bernhard Grzimek

Bernhard Grzimek (Neisse, leo Nysa nchini Poland, 24 Aprili 1909 – Frankfurt am Main, 13 Machi 1987) alikuwa daktari wa mifugo, mkurugenzi wa bustani ya wanyama, mwandishi na mtengenezaji wa filamu kutoka Ujerumani. Katika Afrika ya Mashariki anajulikana hasa kwa kazi yake ya kutetea nyika za Serengeti na wanyama wanaozitegemea, na kwa mchango wake katika kukifanya kisiwa cha Rubondo, kilichopo katika Ziwa Viktoria magharibi kwa Mwanza, kuwa kimbilio la wanyamapori.

Filamu yake kuhusu Serengeti ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1960, na kitabu chake chenye jina hilohilo kilitafsiriwa kwa lugha nyingi. Hata hivyo msimamo wake kwamba watu wasiishi ndani ya hifadhi za taifa umepingwa na wengi, na suala hilo linajadiliwa hadi leo.

## Maisha ya awali

Grzimek alizaliwa katika mji wa Neisse, jimbo la Silesia, ambalo wakati huo lilikuwa sehemu ya Ujerumani. Baba yake alikuwa mwanasheria na alifariki Bernhard akiwa bado mtoto mdogo, hivyo alilelewa na mama yake. Tangu utotoni alipenda kufuga wanyama, hasa kuku.

Kuanzia mwaka 1928 alisoma udaktari wa mifugo katika miji ya Leipzig na Berlin. Mwaka 1930 alimwoa Hildegard Prüfer. Walipata wana wawili, Rochus na Michael, na baadaye wakamlea mtoto mwingine aliyeitwa Thomas. Mwaka 1933 Grzimek alipata shahada ya udaktari kwa utafiti kuhusu mishipa ya damu ya kuku.

Kwa hiyo kazi yake ya kwanza ilihusu ndege wa kufugwa, wala si wanyama wa porini. Aliajiriwa na serikali mjini Berlin akawa mtaalamu wa magonjwa ya kuku, ubora wa mayai na magonjwa ya ng'ombe. Aliandika pia vitabu kwa ajili ya wafugaji. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alitumika kama daktari wa mifugo wa jeshi.

Mwaka 1937 alijiunga na chama cha Nazi, jambo ambalo alilikana baada ya vita. Kwa upande mwingine, aliwapelekea chakula Wayahudi waliokuwa wamejificha mjini Berlin. Mwanzoni mwa mwaka 1945 polisi wa siri walipekua makazi yake, naye akakimbia mji huo.

## Bustani ya wanyama ya Frankfurt

Tarehe 1 Mei 1945 Grzimek aliteuliwa kuwa mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt. Mji ulikuwa umeharibiwa kwa mabomu, na katika bustani walibaki wanyama wachache tu. Wakubwa wa mji walifikiria kuifunga moja kwa moja. Grzimek aliwahi kuifungua tena kwa wananchi mwezi Julai mwaka huohuo, akatumia sarakasi, muziki na maonyesho ya kila aina ili kupata fedha za kulisha wanyama na kujenga mabanda.

Kwa sababu ya uanachama wake wa zamani katika chama cha Nazi, alisimamishwa kazi kwa muda wakati wa utawala wa Wamarekani, kisha akarudishwa mwaka 1948. Aliendelea kuwa mkurugenzi hadi alipostaafu mwaka 1974. Wakati huohuo aliliongoza Shirika la Zoolojia la Frankfurt, ambalo chini yake liligeuka kutoka chama cha marafiki wa bustani moja na kuwa shirika la kuhifadhi wanyamapori katika nchi nyingi.

## Safari za kwanza barani Afrika

Mwaka 1951 Grzimek alisafiri kwenda Cote d'Ivoire pamoja na mwanawe Michael. Miaka mitatu baadaye alikwenda Kongo, ambako alitafuta okapi kwa ajili ya bustani ya Frankfurt. Katika safari hizo aliona jinsi misitu na nyika zilivyokuwa zikipungua huku mashamba, barabara na uwindaji vikiongezeka. Alianza kuamini kwamba kuwaweka wanyama wachache katika bustani za Ulaya hakuwezi kuwaokoa, na kwamba ni lazima ardhi yao yenyewe ihifadhiwe.

Wazo hilo alilieleza katika kitabu kilichotoka mwaka 1954, ambacho jina lake la Kijerumani lina maana ya kwamba hakuna nafasi kwa wanyama wa porini. Yeye na Michael walitengeneza filamu kutokana na kitabu hicho, na mwaka 1956 ikashinda katika tamasha la filamu la Berlin. Filamu hiyo iliingiza fedha nyingi kuliko walivyotazamia. Fedha hizo ndizo zilizowaleta Tanganyika.

## Mgogoro wa mipaka ya Serengeti

Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilianzishwa mwaka 1951 chini ya utawala wa Waingereza. Mwanzoni ilijumuisha pia nyanda za juu za Ngorongoro. Ndani yake waliishi Wamasai na mifugo yao, na upande wa magharibi, kuelekea Ziwa Viktoria, walikuwepo Waikoma, Wanata, Waikizu, Wasukuma na wengine waliolima, kufuga na kuwinda karibu na mipaka yake.

Serikali ya kikoloni ilishindwa kupatanisha haki za wakazi na sheria za hifadhi. Mapendekezo yaliyotolewa yalikuwa kuigawa Serengeti: nyanda za Ngorongoro na sehemu ya mbuga za mashariki zitengwe kwa ajili ya wafugaji, na eneo lililobaki liwe hifadhi isiyokaliwa na watu.

Grzimek alisikia habari hizo akataka kutumia fedha za filamu kununua ardhi ya kuongeza katika hifadhi. Peter Molloy, mkurugenzi wa hifadhi za taifa za Tanganyika, alimshauri afanye jambo jingine lenye manufaa zaidi. Mipaka mipya ilikuwa inachorwa bila mtu yeyote kujua kwa hakika kulikuwa na wanyama wangapi na walihamia wapi katika kila msimu. Molloy alitaka wanyama wahesabiwe.

## Hesabu ya mwaka 1958

Grzimek, aliyekuwa na umri wa miaka 48, pamoja na Michael walijifunza kuendesha ndege. Walinunua ndege ndogo aina ya Dornier Do 27 yenye uwezo wa kuruka polepole na kutua mahali pafupi, wakaipaka milia kama ya pundamilia. Mwezi Desemba 1957 waliondoka Ujerumani wakaruka hadi Tanganyika.

Mwezi Januari 1958 walianza kuhesabu. Waliigawa hifadhi katika vipande, wakaruka juu ya kila kipande kwa mistari iliyonyooka, kila mtu akihesabu wanyama wa upande wake. Jumla waliyoipata ilikuwa wanyama wakubwa 366,980. Kati yao kulikuwa na nyumbu 99,481 na pundamilia 57,199, na waliobaki wengi walikuwa swala.

Hesabu hiyo ilikuwa na kasoro. Wanyama waliosongamana katika makundi makubwa ni vigumu kuhesabiwa kwa macho kutoka angani, na hesabu zilizofanywa na watafiti wengine miaka michache baadaye zilionyesha nyumbu zaidi ya 200,000. Hata hivyo ilikuwa mara ya kwanza Serengeti nzima kuhesabiwa kwa ndege. Njia hiyo ikaendelezwa, na siku hizi wanyama hupigwa picha kutoka angani kisha kuhesabiwa katika picha.

Grzimek na mwanawe walifanya pia kazi nyingine mbili. Kwanza, waliwakamata baadhi ya wanyama na kuwavisha mikanda ya rangi shingoni ili waweze kuwatambua na kufuata safari zao. Pili, walikusanya sampuli za udongo na nyasi ili kujua ni nyasi zipi zinazopendwa na wanyama na kwa nini.

Matokeo yalionyesha kwamba mipaka iliyopendekezwa haikulingana na njia za wanyama. Wakati wa mvua, makundi makubwa ya nyumbu yalikuwa katika mbuga za nyasi fupi za mashariki na kusini, na sehemu kubwa ya mbuga hizo ilikuwa itolewe katika hifadhi.

Sababu ya nyumbu kupenda mbuga hizo ilielezwa vizuri zaidi na wanasayansi waliofuata. Udongo wake umetokana na majivu ya volkano za nyanda za juu, kwa hiyo nyasi zake ni fupi lakini zina madini mengi yanayohitajiwa na majike wanaonyonyesha. Mvua zikiisha, maji na majani hukauka upesi. Hapo nyumbu huelekea magharibi hadi maeneo ya mto Grumeti, karibu na Ziwa Viktoria, kisha kaskazini hadi mto Mara, na mvua zikianza hurudi tena kusini. Mzunguko huo hauwezi kudumu ikiwa sehemu mojawapo itafungwa.

## Kifo cha Michael na filamu ya Serengeti

Tarehe 10 Januari 1959 Michael Grzimek alikuwa akiendesha ile ndege yenye milia peke yake. Tumbusi aligonga bawa la ndege, ikaanguka, na Michael akafa papo hapo. Alikuwa na umri wa miaka 24. Alizikwa kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro, na juu ya kaburi lake pakajengwa mnara wa mawe.

Baba yake aliendelea na kazi waliyoianza pamoja. Filamu ilikamilishwa mwaka huohuo kwa jina la Kijerumani lenye maana ya kwamba Serengeti haipaswi kufa. Miongoni mwa waliopiga picha zake alikuwa Alan Root, kijana kutoka Kenya ambaye baadaye alipata sifa kubwa kama mtengenezaji wa filamu za wanyamapori. Mwaka 1960 filamu hiyo ilipata tuzo ya Oscar ya filamu bora ya hali halisi. Ilikuwa filamu ya kwanza ya Ujerumani kupata tuzo ya Oscar baada ya vita.

Filamu na kitabu viliijulisha Serengeti duniani kote, lakini havikubadilisha uamuzi wa serikali ya kikoloni. Mwaka 1959 hifadhi iligawanywa. Ngorongoro ikawa eneo la pekee la hifadhi ambamo Wamasai waliruhusiwa kuishi na mifugo yao, na Wamasai waliokuwa ndani ya Serengeti wakahamishiwa huko. Serengeti ilipoteza mbuga zake za mashariki, lakini iliongezewa ardhi upande wa kaskazini hadi mpaka wa Kenya. Nyongeza hiyo ikaja kuwa muhimu sana, kwa kuwa ndiyo njia ya nyumbu kwenda Mara wakati wa kiangazi.

## Baada ya uhuru wa Tanganyika

Katika miaka ya uhuru Wazungu wengi waliokuwa wakihusika na hifadhi waliamini kwamba serikali za Waafrika zitaziacha. Grzimek hakukubaliana nao. Alijenga uhusiano mzuri na Julius Nyerere, ambaye mwezi Septemba 1961, katika mkutano uliofanyika Arusha, alitangaza kwamba serikali yake itawalinda wanyamapori kwa ajili ya vizazi vijavyo. Tangazo hilo linajulikana kama Azimio la Arusha la wanyamapori, nalo ni tofauti na Azimio la Arusha la mwaka 1967 kuhusu ujamaa.

Grzimek aliona kwamba nchi maskini haiwezi kutenga ardhi kubwa kwa ajili ya wanyama bila kupata faida. Kwa hiyo alitafuta fedha kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ilikuwa michango. Shirika lake lilinunua magari, ndege na vifaa kwa ajili ya askari wa hifadhi, na lilikuwa miongoni mwa waliosaidia kuanzishwa kwa chuo cha usimamizi wa wanyamapori cha Mweka, karibu na Moshi, mwaka 1963. Huko Banagi, ndani ya Serengeti, ilijengwa maabara ya kumbukumbu ya Michael Grzimek. Kutokana na mwanzo huo, baadaye ilizaliwa taasisi ya utafiti ya Serengeti.

Njia ya pili ilikuwa utalii. Katika kipindi chake cha televisheni nchini Ujerumani, Grzimek alitangaza kwamba sasa watu wa kawaida wanaweza kununua safari ya pamoja ya bei nafuu kwenda Afrika ya Mashariki. Safari kama hizo zilikuwa hazijaanza. Watazamaji walikwenda kuziulizia kwa mawakala wa usafiri, na mawakala walipoona wateja ni wengi wakaanza kweli kuzipanga.

## Mwanza, Saanane na Rubondo

Upande wa magharibi wa Serengeti hufika karibu kabisa na Ghuba ya Speke ya Ziwa Viktoria. Lango la Ndabaka liko kando ya barabara kuu ya Mwanza kwenda Musoma. Kwa sababu hiyo Mwanza ndiyo mji mkubwa wa karibu kwa anayeingia hifadhini kutoka magharibi, na ndiyo pia njia ya kwenda katika visiwa vya ziwa.

Mwaka 1964 serikali ilianzisha bustani ya wanyama katika kisiwa cha Saanane, kilicho karibu na katikati ya mji wa Mwanza. Kisiwa hicho kimepewa jina la Mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima aliyekimiliki kabla ya hapo. Lengo lilikuwa kuwawezesha wakazi wa mji kuwaona wanyama wa nchi yao. Saanane ilitumika pia kama kituo cha kuwaweka wanyama waliokuwa njiani kwenda Rubondo. Tangu mwaka 2013 ni hifadhi ya taifa.

Rubondo ni kisiwa chenye misitu kilicho umbali wa kilomita 150 hivi magharibi kwa Mwanza, leo katika Mkoa wa Geita. Wakazi wake waliokuwa wavuvi na wakulima walihamishwa, na mwaka 1965 kikatangazwa kuwa pori la akiba. Mwaka 1977 kikawa hifadhi ya taifa. Wanyama wa asili wa kisiwa ni pamoja na kiboko, mamba, nzohe, pongo, tumbili na fisi-maji. Hakikuwa na wanyama wakubwa walao nyama, na maji yalikizunguka pande zote. Kwa hiyo wahifadhi walikiona kama mahali salama pa kuwapeleka wanyama waliokuwa hatarini kwingineko.

Kuanzia miaka ya 1960 walipelekwa huko vifaru weusi, twiga, tembo, mbega na swala wa aina mbalimbali. Jaribio lililojulikana zaidi lilikuwa la Grzimek mwenyewe. Kati ya mwaka 1966 na 1969 Shirika la Zoolojia la Frankfurt lilipeleka Rubondo sokwe 17 kutoka katika bustani za wanyama na sarakasi za Ulaya. Wengi wao walikuwa wamekamatwa wakiwa wadogo huko Afrika ya Magharibi na kukaa vizimbani kwa miaka kadhaa.

Sokwe hao waliachiliwa bila mafunzo yoyote. Baadhi yao hawakuwaogopa watu, wakawashambulia, na madume wawili wakapigwa risasi. Lakini waliobaki walijifunza kula matunda ya msitu na kujenga viota juu ya miti. Mwaka 1968 walionekana watoto wa kwanza waliozaliwa kisiwani. Leo sokwe wote wa Rubondo ni wazao wa kundi hilo, na hawawategemei watu kwa chakula. Ni mfano wa nadra wa sokwe wa vizimbani walioweza kurudi kuishi porini kwa vizazi kadhaa.

Si wanyama wote waliofanikiwa. Vifaru waliuawa na majangili hadi wakaisha. Tembo na twiga waliongezeka. Kisiwa kimekuwa pia mahali muhimu pa ndege, hasa furukombe, ambao ni wengi sana kando ya ziwa. Mwaka 2000 kasuku wa kijivu waliokamatwa kutoka kwa wafanyabiashara haramu waliachiliwa Rubondo, kwa kufuata wazo lilelile la kukitumia kisiwa kama kimbilio.

## Kazi nchini Ujerumani

Wajerumani wengi walimfahamu Grzimek kupitia televisheni. Kipindi chake kuhusu wanyama kilianza mwaka 1956 kikaendelea hadi alipofariki, yaani kwa zaidi ya miaka 30. Kwa kawaida alikuja studioni na mnyama hai kutoka bustani ya Frankfurt, na mwishoni aliwaomba watazamaji watoe michango.

Kuanzia mwaka 1967 alihariri ensaiklopedia kubwa ya wanyama yenye juzuu 13. Juzuu tatu kati ya hizo zinahusu ndege. Ilitafsiriwa kwa Kiingereza na bado inatumika katika maktaba nyingi, ikiwa katika toleo lililosahihishwa.

Alipinga biashara ya makoti ya ngozi za chui na paka wengine wa porini, pamoja na uwindaji wa sili wachanga. Katika miaka ya 1970 aliwarudia kuku, ndege aliowasoma ujanani. Alipiga vita ufugaji wa kuku wa mayai katika vizimba vidogo vya waya, akaulinganisha na kambi za mateso za Wanazi. Wafugaji walimshtaki mahakamani kwa maneno hayo, naye akashinda.

Kuanzia mwaka 1970 alikuwa mshauri maalumu wa serikali ya Willy Brandt kuhusu hifadhi ya mazingira. Mwaka huohuo Ujerumani ilifungua hifadhi yake ya taifa ya kwanza katika misitu ya Bavaria, ambayo Grzimek alikuwa ameipigania. Alijiuzulu mwaka 1973 kwa kuona kwamba hakupewa mamlaka ya kutosha. Mwaka 1975 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa mojawapo ya mashirika makubwa ya mazingira nchini humo.

Mwaka 1978 alimwoa Erika, mjane wa mwanawe Michael.

## Lawama

Grzimek aliamini kwamba hifadhi ya taifa inapaswa kuwa pori lisilokaliwa na mtu yeyote, awe Mzungu au Mwafrika. Aliona kwamba watu na mifugo wakiongezeka ndani ya Serengeti, wanyama watatoweka.

Watafiti na watetezi wa haki za wenyeji wamejibu kwamba nyika hizo hazikuwahi kuwa tupu. Wamasai walichunga humo kwa vizazi vingi, na moto wao na malisho ya ng'ombe wao vilichangia kuzifanya zilivyo. Upande wa ziwa, watu waliokuwa wakiwinda nyama ya kula waligeuka kuwa majangili mbele ya sheria. Katika filamu na kitabu chake wenyeji wanaonekana zaidi kama tishio kuliko kama watu wenye haki juu ya ardhi.

Utafiti wa baadaye ulionyesha pia kwamba hatari kubwa kwa nyumbu katika miaka ya 1950 haikuwa mipaka peke yake. Ugonjwa wa sotoka, ulioingia Afrika ya Mashariki katika miaka ya 1890, ulikuwa ukiua ndama wengi kila mwaka. Ng'ombe wa maeneo ya jirani walipochanjwa, ugonjwa ulitoweka pia kwa nyumbu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kufikia mwaka 1977 nyumbu walikuwa wamefika milioni 1.3 hivi. Kwa kuwa walikula nyasi nyingi, mioto ya kiangazi ilipungua, na miti ikaanza kuota tena katika sehemu kadhaa. Hivyo chanjo ya mifugo ya wafugaji ilikuwa na mchango mkubwa katika kuiokoa Serengeti.

Hata hivyo, ongezeko hilo lilihitaji nafasi. Kama njia za kwenda Grumeti na Mara zingekuwa zimegeuzwa mashamba, nyumbu wasingeweza kufikia idadi hiyo.

## Kifo na kaburi

Grzimek alifariki ghafla mjini Frankfurt tarehe 13 Machi 1987, akiwa anatazama maonyesho ya sarakasi pamoja na watoto. Alikuwa na umri wa miaka 77. Majivu yake yaliletwa Tanzania na kuzikwa kando ya Michael, kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro. Mnara wa mawe unaonekana na wasafiri wanaopita katika barabara ya kwenda Serengeti.

## Urithi

Serengeti iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Ina eneo la kilomita za mraba 14,763, na zaidi ya spishi 500 za ndege zimeonekana humo, wakiwemo mbuni, tandawala na tumbusi wa aina mbalimbali. Shirika la Zoolojia la Frankfurt bado linafanya kazi nchini Tanzania kwa kushirikiana na mamlaka ya hifadhi za taifa.

Kazi ya shirika hilo imebadilika kuliko alivyoifikiria Grzimek. Mbali na kusaidia askari na ndege za doria, linashirikiana na vijiji vya upande wa magharibi katika vikundi vya kuweka na kukopa na katika maeneo ya wanyamapori yanayosimamiwa na jamii, kama vile Ikona, ambako wanakijiji hupata sehemu ya mapato ya utalii. Sababu ni kwamba uwindaji wa nyaya unaendelea kuua makumi ya maelfu ya nyumbu kila mwaka kwa makadirio ya wataalamu, na wengi wanaowinda hufanya hivyo kwa kukosa nyama na fedha.

Mvutano kati ya mahitaji ya watu na njia za wanyama umejitokeza tena mara kadhaa. Mpango wa kujenga barabara kuu kupita kaskazini mwa Serengeti, ili kuunganisha Mkoa wa Mara na Arusha, ulipingwa na wahifadhi kuanzia mwaka 2010, huku wakazi wengi wa kanda ya ziwa wakiuona kama nafasi ya maendeleo. Mwaka 2014 Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki iliizuia Tanzania kujenga barabara ya lami ndani ya hifadhi. Huko Ngorongoro nako, suala la Wamasai kubaki au kuhamishwa, lililoanza wakati wa Grzimek, bado halijapata suluhisho linalokubaliwa na pande zote.